Mgongo Unaosuka

Mjukuu wangu alikataa mgongo wangu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililoniuma. Nimebeba watoto saba wa tumbo langu, nikabeba na wa dada zangu, nikakimbia vita na mmoja mgongoni na mwingine nimemshika mkono, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusema mgongo huu una kasoro. Halafu nafika Umbilo, kwenye fleti ya binti yangu, ghorofa ya pili, na katoto ka mwaka mmoja na miezi kumi kananipanda, kanatulia kidogo, kanainua kichwa, kanaikagua shingo yangu kama askari anayekagua karatasi za mkimbizi, kisha kanapiga kelele kama kanachinjwa.

Binti yangu wakati huo alikuwa na mimba ya miezi saba. Kazi yake ni kusuka. Anasukia kwenye saluni ndogo ya wanawake wa kwetu Kongo, barabara ya Umbilo, mlango unaotazama roboti. Huku Durban taa za barabarani wanaziita roboti, nami siku za kwanza nilitafuta hilo jitu la chuma kila kona. Yule mtoto, msichana, aliingia mgongoni mwa mamake akiwa na wiki sita, pale pale kazini, na hakushuka. Mchana analala hapo. Jioni analala hapo kwanza, ndipo anawekwa kitandani. Umlaze kitandani akiwa macho, ni vita. Babake alijaribu kumbeba kifuani, akang'olewa ndevu.

Zamani hilo lisingekuwa shida. Lakini mtoto wa kwanza alitoka kwa taabu, damu ilikwenda nyingi, na daktari alimwambia binti yangu kwamba kwa wa pili asithubutu kuchelewa hata saa moja: maji yakishuka, hospitali. Na hospitali hairuhusu mama kuingia kuzaa na mtoto mwingine mgongoni. Siku moja alimwachia jirani akaenda kliniki, nusu siku tu. Aliporudi alikuta mtoto amelia mpaka sauti imekatika, ametapika, na hakugusa chakula mpaka kesho yake.

Mimi nilikuwa naishi Point, mtaa wa karibu na bandari, chumba kimoja na mjane mwenzangu wa kanisani. Binti akanipigia simu.

"Mama, mi siendi kuzaa hospitali. Nitazaa hapa hapa kwenye kochi, nimembeba huyu."

Akacheka. Lakini mimi namjua. Kile kicheko kilikuwa na machozi ndani yake. Nikafunga mzigo wangu siku hiyo hiyo.

Basi hiyo ndiyo kazi niliyoijia. Miezi miwili, mtoto akubali kulala mgongoni kwa koko, ndivyo sisi tunavyomwita bibi, ili mamake aweze kwenda kuzaa bila kugeuka nyuma. Nilidhani ni kazi ya jioni moja.

Jioni ya kwanza ndiyo hiyo niliyosema, ya kuchinjwa. Nikajiambia, ameonja mimba. Kwetu mtoto akianza kulialia bila homa wala jino, wazee wanasema ameonja mimba ya mamake, anajua kuna mtu anakuja kumnyang'anya. Unamvumilia, inapita. Nikavumilia wiki nzima. Haikupita. Na tena nikaanza kuona kwamba mtoto mwenyewe hana kisirani. Anacheza na mimi. Ananiletea kiatu changu. Anakula sombe, yale majani ya muhogo, kwa mkono wangu mpaka tumbo linakuwa ngoma. Nikimlaza pajani nikamkuna mgongo, analala? Hapana, lakini halii. Anakaa tu na macho yake makubwa, ananitazama. Kwa hiyo tatizo si mimi. Tatizo ni mgongo. Nikasema, sawa, mgongo una nini?

Shule niliiacha darasa la tatu, lakini kitu kikinisumbua kichwani sikiachi. Nikaanza kupima.

Kwanza nikapima harufu. Nikachukua kitenge cha binti yangu ambacho hakijafuliwa, nikajipaka mafuta yake ya nywele mpaka shingoni, nikajifunga na mtoto. Akanusa. Akalaza shavu. Nikamwonyesha binti yangu kidole, kimya, naona nimeshinda. Mtoto akainua kichwa, akanikagua, akalia. Binti yangu akaanguka kwenye kochi kwa kicheko, ameshika tumbo.

"Mama, unanuka saluni nzima!"

"Nyamaza. Anafikiria bado."

Halafu nikapima urefu. Binti yangu ni mrefu, kachukua kwa babake. Mimi nimekatwa karibu na ardhi. Nikasema labda mtoto amezoea kulala akiona mbali juu ya bega. Nikapanda juu ya stuli ya jikoni, karibu na dirisha, mtoto mgongoni, nikasimama hapo kama sanamu. Ndipo mkwe wangu akaingia kutoka kazini.

Lazima niseme kuhusu mkwe wangu. Ni mtu mzuri, analinda magari ya watu kule ufukweni, jua lote lake, na heshima anayo. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali meza moja, hawashikani mkono. Lakini hizo sheria ziliwekwa na watu wenye uwanja. Sisi tuna jiko na sebule chumba kimoja. Kwa hiyo akitaka kuongea na mimi, anaongea na friji. Anasimama mbele yake, anainamisha kichwa, anaiambia friji: "Mama, habari za mchana?" Nami naangalia dirisha, namjibu. Tumezoea.

Siku hiyo aliangalia friji muda mrefu.

"Mama, kuna nini huko juu?"

"Hakuna kitu. Natafuta usingizi."

"Wa mtoto ao wako?"

"Wa mtoto."

"Sawa, mama. Usianguke." Akaingia chumbani, na nikasikia anacheka ndani ya mto.

Usingizi haukuwa juu ya stuli. Miezi miwili iliyobaki ikawa mwezi na siku chache. Tumbo la binti likashuka kidogo, miguu ikavimba, na kila jioni alikuwa anasimama katikati ya sebule, mtoto mgongoni, tumbo mbele, kama punda aliyepakiwa pande zote mbili, akimbembeleza. Nesi alimkataza. Yeye akasema, "Nesi aje amlaze mwenyewe." Nilikuwa nikimtazama na uchungu unanishika mimi.

Nikaamua kwenda saluni. Si kumsaidia, kumtazama. Nikakaa kwenye benchi karibu na mlango tangu asubuhi, nimeshika mkoba wangu kama mtu anayengoja zamu. Wanawake wakanisalimu, wakanisahau. Binti yangu anasuka, mtoto mgongoni. Nikatazama miguu yake: inasimama. Kiuno: kinasimama. Kichwa: kinazungumza, umbea wa huku na huko. Hayumbi, haimbi, hapigi mtoto makofi madogo ya matakoni kama sisi tulivyofanya. Mtoto amelala fofofo.

Nikasogea karibu. Ndipo nikaona makombe ya mabega. Mtu anaposuka rasta ndogondogo, vidole vinakwenda mbio na viwiko vinatetemeka kidogo, na kule nyuma makombe yake mawili yanakwenda, moja juu, moja chini, kidogo sana, kama vifaranga wawili chini ya kitambaa. Shavu la mtoto lilikuwa juu ya lile la kushoto. Linamsugua, linamsugua. Binti akasimama kidogo kufungua pakiti nyingine ya nywele. Mtoto akafungua jicho moja. Binti akaanza tena. Jicho likafungwa.

Ni kama mtu aliyesinzia ndani ya basi la safari ndefu. Basi likitembea analala hata kwenye mashimo. Likisimama tu, anaamka, anauliza, tumefika?

Nikapiga paja langu kofi. "Nimeona!" Saluni nzima ikageuka.

"Umeona nini, mama?"

"Mtoto halali kwako. Analala kwenye kazi yako."

Hawakunielewa, na sikujali. Nilirudi nyumbani na furaha ya mtu aliyeokota kitu. Kumbe nilikuwa nimejua sababu tu, usingizi wenyewe bado. Nikasema, kama anataka mgongo unaofanya kazi, mimi mgongo wangu umefanya kazi tangu nina miaka saba. Nikambeba nikatwanga sombe. Mgongo ulipaa na kushuka wote, mtoto akarushwa kama mahindi kwenye ungo, akaona ni mchezo, akacheka, na mtu wa chini akagonga dari kwa fagio. Nikafua nguo kwenye beseni: kichwa chake kikaenda chini, miguu juu. Nikapiga pasi: mkono mmoja tu ndio unaokwenda, kombe moja linakwenda na lingine limekufa, akalia. Nikachambua maharage nimekaa. Mgongo uliokaa hautaki kabisa.

Haikubaki njia nyingine. Nikamwambia binti yangu, "Nifundishe kusuka."

"Mama, wewe unajua kusuka."

"Mimi najua ya uzi. Nifundishe hii ya saluni."

Akaleta kichwa cha plastiki cha kufundishia, akakibana kwenye ukingo wa meza. Kichwa cha mwanamke mweupe, kimepakwa mdomo mwekundu, hana mabega. Kila asubuhi tukawa tunatazamana. Vidole vyangu ni vya jembe. Nywele za kununua zinateleza kama kambare. Unagawa tatu, unaingiza, unakaza, unateremka; mimi nikagawa tatu nikapata nne. Wiki ya kwanza binti yangu alikuwa anapita anasema, "Eish, mama, huyo amefanya nini mbaya?"

Lakini nilijifunza. Nina kiburi, na kiburi nacho ni mwalimu. Wiki ya tatu rasta zangu zilikuwa nene lakini zimenyooka. Ndipo tukamfunga mtoto mgongoni. Nikasuka. Akalaza shavu. Nikahesabu rasta moja, mbili. Kwenye ya tatu akainua kichwa.

"Kwa nini?" nikamuuliza binti yangu. Nilikuwa karibu kulia. "Si nasuka? Makombe si yanakwenda?"

Alikuwa amekaa, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi.

"Yanakwenda, mama. Halafu yanasimama. Ukifika pale pa kuingiza nywele mpya unafikiri, na ukifikiri unasimama. Yeye anasikia."

Hilo linanishangaza mpaka leo. Mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili, hajui kusema zaidi ya maneno kumi, na anajua mikono ya mtu inapofikiri. Nilikaa na jambo hilo siku nzima. Nilimtazama akicheza na vifuniko vya sufuria na nikajiuliza, anajua nini kingine? Anajua kwamba mamake anaogopa? Anajua kwamba na mimi naogopa? Kama anasikia vidole vikisita, basi hofu ya mamake kila jioni anaisikia kama redio.

Nikaendelea kusuka yule mwanamke wa plastiki. Nilisuka nikiongea kwa simu na mjane mwenzangu. Nilisuka nikiangalia televisheni. Bado mahali pale pa kuingiza nywele mikono ilisita. Zilikuwa zimebaki wiki mbili, hivyo ndivyo tulivyodhani.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Nilikuwa saluni, kwenye benchi langu. Binti yangu anamsuka mteja mmoja, msichana wa Kizulu, kichwa kimefika nusu: upande wa kulia rasta nyembamba kama mvua, upande wa kushoto msitu. Msichana anatuambia kesho dada yake anaolewa. Nikasikia maji yanamwagika sakafuni. Nikadhani mtu amepiga teke ndoo. Nikatazama, nikaona binti yangu ameshika mgongo wa kiti, vidole bado vimeng'ang'ania nywele za mteja.

Wakampigia simu mumewe. Akaja na teksi ya rafiki yake mbio, hata friji hakuitafuta, akanitazama usoni moja kwa moja kwa mara ya kwanza na kusema, "Mama, twende, mama!" Nikamwambia mimi siendi popote, mchukue mkeo.

Binti yangu akafungua kitenge. Mtoto alikuwa amelala. Nikamtoa mgongoni kwa mamake akiwa moto kama mkate, na kabla sijamfunga kwangu akaamka, akaona mlango, akaona mamake anaelekea mlangoni. Hakulia. Alipasuka.

Binti akasimama mlangoni. Mumewe anamvuta mkono.

"Siwezi," akasema. "Mama, siwezi kumwacha hivi. Ngojeni kwanza alale."

"Alale saa ngapi? Damu unaijua wewe. Nenda!"

"Siendi anapolia."

Na uchungu ukamshika, akainama kwenye fremu ya mlango, na mtoto akaona hilo nalo, akazidi. Wanawake wote wa saluni wanapiga kelele, kila mmoja na shauri lake. Mimi nikainama, nikamtupa mtoto mgongoni, nikakaza kitenge juu ya matiti mafundo mawili. Ananipiga mateke ya figo. Nikaenda nyuma ya kiti cha yule mteja, nikagawa nywele tatu.

Msichana akaniona kwenye kioo, akaniita gogo, ndiyo bibi kwa Kizulu. "Hawu, gogo! Wewe?"

"Mimi. Kaa."

"Gogo, harusi ni kesho!"

"Na kuzaa ni leo. Kaa!"

Akakaa. Nikaanza. Rasta ya kwanza ikatoka nene kama mkia wa ng'ombe. Nilifika pale pa kuingiza, nikasita, mtoto akalia juu zaidi. Pale mlangoni binti yangu, uso wote jasho, akainua kichwa.

"Mama. Usitazame mikono. Tazama barabara."

Nikainua macho. Mlango wazi, barabara ya Umbilo, ile roboti. Nyekundu. Teksi, huku ni basi dogo, imesimama, kondakta ametoa kichwa nje anapiga mluzi. Kijani, wanakwenda. Mwanamke na mfuko wa viazi anavuka vibaya, wanampigia honi, anawatukana. Nyekundu tena. Nani anaamua ikae nyekundu muda gani? Nilijiuliza hivyo kweli, katika saa ile. Kuna mtu kwenye ofisi anayebonyeza, ao inajibonyeza yenyewe? Upande wa kwenda mjini inakaa muda mrefu kuliko upande wa pili, kwa nini? Nikawa natazama, nahesabu, na sikujua tena kama nina mikono.

Mateke yakapungua. Kilio kikawa kwikwi. Nikahisi kitu cha moto na maji kikitua juu ya kombe langu la kushoto. Shavu.

Sikugeuka. Nilisikia mlango wa teksi ukifungwa, nikaiona inapita kwenye roboti ikiwa nyekundu, na watu wakapiga honi.

Mteja alikuwa ananitazama kwenye kioo, macho yametoka. Akanong'ona, "Gogo, nikohoe?"

"Usikohoe."

Sijui muda gani ulipita. Rasta zangu zilikuwa zinateremka, mara mbili ya unene wa zile za binti yangu, lakini zimenyooka. Mwenye saluni akanifungulia pakiti za nywele moja moja, kimya kimya, ili nisisimame. Magoti yaliniuma, kibofu kilijaa, na hamu ya kugeuka nione uso wa mtoto ilinila, nikaishinda. Kisha simu yangu ikalia ndani ya mkoba. Mwenye saluni akairukia, akanishikia sikioni.

Alikuwa binti yangu. Alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda ngazi.

"Mama, wameniingiza ndani. Wananiambia sukuma, na mi minabana. Mtoto iko analia?"

"Halii."

"Unanidanganya."

"Mwanangu, halii."

"Unanidanganya ili nizae."

Nilitaka kumtukana. Badala yake nikamfanyia mwenye saluni ishara kwa kidevu, akapeleka simu nyuma ya bega langu, mpaka kwenye mdomo wa mtoto. Mimi nasuka. Mtoto pua yake ilikuwa imeziba kwa kulia, kwa hiyo alikuwa anakoroma, mkoromo wa kizee, wa mlevi. Tukamwachia mamake asikilize. Mteja naye alikuwa anasikiliza. Mikono yangu inakwenda.

Simu ikarudi sikioni.

"Mama."

"Mm."

"Haya. Basi acha nikazae."

Akakata. Mwenye saluni akafuta macho kwa kitambaa cha kukaushia nywele. Msichana wa harusi akajishika kichwa upande wangu, akapima kwa vidole, kulia nyembamba, kushoto nene.

"Gogo," akanong'ona, "utanifumua hizi?"

"Nitakufumua," nikamwambia, "akiamka." Nikagawa nywele nyingine tatu.